Basi Hili Haliendi Uyole

Haya, kaeni vizuri. Aliyekalia mguu wa mwenzake autoe. Aliyesinzia aamshwe, bado mapema.

Palikuwa na mtoto anaitwa Sikitu. Sikitu alikaa ndani ya basi.

Siyo kukaa kama abiria. Abiria hukaa, halafu hushuka. Sikitu hakushuka. Alikula ndani ya basi. Alioga nyuma ya basi. Alilala kwenye kiti cha nyuma kabisa, kile kirefu, kile kinachorusha watu.

Basi lilikuwa kuukuu. Halikuwa na injini. Lilivutwa na trekta mpaka juu ya kilima, huko Rungwe. Kisha trekta likaondoka likicheka: kha-kha-kha-kha!

Mgongoni basi lilikuwa na maandishi makubwa: MSINIONEE WIVU.

Na kweli, hakuna aliyelionea wivu.

Basi lilikuwa la Baba. Kilima nacho kilikuwa cha Baba. Zamani Baba alifanya kazi Dar es Salaam, kwenye ofisi yenye kiyoyozi. Siku moja alifunga kompyuta yake, pa! Akarudi nyumbani, akasema:

"Nimechoka kununua! Nyanya nanunua! Mayai nanunua! Hata maji nanunua! Tunahama. Tutajenga wenyewe, tutalima wenyewe, tutafuga wenyewe!"

"Wenyewe ndio nani?" Mama akauliza.

"Mimi, wewe na Sikitu."

Mama akamtazama Sikitu. Sikitu alikuwa anatafuta kiatu chake. Alikuwa amekivaa.

Baba akajipiga kifua. Pu! Pu!

"Sisi hatuombi! Sisi tunajitegemea!"

Basi wakahama. Baba alisema watakaa ndani ya basi kwa muda tu, mpaka nyumba iishe.

Nyumba? Njooni tuione hiyo nyumba.

Baba alianza na mlango. Mlango mzuri wa mninga, una kitasa kinachong'aa. Ulisimama peke yake katikati ya nyasi. Kulia hakuna ukuta. Kushoto hakuna ukuta. Juu ni mawingu.

Kila jioni Baba aliufunga kwa ufunguo. Kri! Kri!

"Wezi," alisema.

Ng'ombe wa jirani alipita pembeni ya mlango. Akaingia sebuleni. Akala zulia. Zulia lilikuwa nyasi.

Baba alileta sola, kubwa kama meza, ya kuwasha taa kwa nguvu ya jua. Lakini Rungwe wingu hushuka asubuhi, likaona pazuri, likakaa. Wingu lililala juu ya sola kama paka.

Taa haikuwaka.

"Jua linajipanga," Baba alisema.

Baba alinunua kuku wa mayai. Aliwachagua mwenyewe gulioni. Alitaka wenye rangi nzuri. Alitaka wenye mikia mirefu. Alfajiri kuku wakaamka.

Kokoikoo! Kokoikoo! Kokoikoo!

"Baba Sikitu," Mama akasema, "hawa ni majogoo."

"Ni kuku wenye sauti," Baba akasema.

Sikitu alichungulia kiotani. Hakuna yai. Kesho yake akachungulia tena. Hakuna yai.

Baba alipanda mchicha. Alizichimbia mbegu chini sana, zisisikie baridi.

Hazikusikia baridi. Hazikusikia chochote.

Ikabidi Mama anunue mchicha gulioni. Baba akauchomeka kwenye udongo, fungu hapa, fungu pale. Akatoa simu yake. Alitaka kupiga video ya kuwatumia rafiki zake wa mjini.

"Ndugu zangu wa mjini! Leo tunavuna! Tazameni shamba langu!"

"Baba," Sikitu akasema, "mchicha umefungwa kamba."

"Ni mchicha wenye nidhamu. Sogea, unaniharibia video."

Akajipiga kifua. Pu! Pu!

"Sisi hatuombi! Sisi tunajitegemea!"

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito kama uji. Mlango wa basi ukagongwa. Ngo! Ngo! Ngo!

Kabla mtu hajaitikia, akaingia bibi mmoja mnene. Ana kitenge. Ana kikapu. Ana mkungu wa ndizi. Akaketi kiti cha mbele. Mkungu akautua mapajani kwa Baba, maana Baba alikuwa kwenye kiti cha dereva, anakunywa chai.

"Nishushe Uyole," akasema.

"Bibi, basi hili haliendi Uyole," Baba akasema.

"Linakwenda wapi?"

"Haliendi popote."

"Limeharibika?"

"Hapana. Ni nyumba."

Bibi akatazama mapazia. Akatazama masufuria. Akatazama kiti cha nyuma kabisa. Sikitu alikuwa amekaa hapo na gauni lake la kulalia, nywele zimesimama.

"Na huyu ndiye kondakta?"

Halafu akacheka. Ha! Ha! Haaa! Alicheka mpaka basi likatikisika. Lilikuwa halijasogea hata kidogo tangu trekta liondoke.

Huyo alikuwa Bibi Tusekile, jirani wa bondeni. Yule ng'ombe alikuwa wake.

Kesho yake Bibi Tusekile alipanda tena kilima. Safari hii alishika bakuli la bati lenye maua mekundu. Ndani kulikuwa na maziwa mgando, yamejaa pomoni.

"Mgeni hapokelewi kwa maneno matupu," akasema. "Na siku ya kuezeka nyumba yenu mtuambie. Tutakuja na nyasi, tutakuja na mianzi. Hapa kwetu mtu hapandi juu ya paa peke yake."

Baba alikunywa maziwa. Alilamba kijiko. Alilamba na bakuli, akidhani haonekani. Halafu akajipiga kifua. Pu! Pu!

"Sisi hatuombi! Sisi tunajitegemea!"

"Hukuomba, umeletewa," Mama akasema. "Na ufute hizo sharubu za maziwa."

Sasa lilibaki bakuli.

"Baba Sikitu," Mama akasema, "chombo cha jirani hakirudi kitupu. Tia kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Limau. Kiazi. Hata kiberiti."

Baba akatikisa kichwa.

"Tukitia kitu, naye atatia kitu. Akitia kitu, na sisi tutatia kitu. Tukitia kitu, naye atatia kitu. Mama Sikitu, mambo hayo hayataisha!"

"Ndiyo maana yake," Mama akasema.

Baba hakusikia. Alikuwa anaosha bakuli.

Baba na Sikitu wakashuka bondeni. Bibi Tusekile alikuwa mlangoni kwake, anamenya ndizi. Baba akampa bakuli. Lilikuwa safi. Lilikuwa linang'aa. Lilikuwa tupu.

Akampa na hotuba juu yake.

"Bibi, tunashukuru sana. Lakini usijisumbue tena. Sisi hatuombi! Sisi tunajitegemea!" Pu! Pu!

Bibi Tusekile akatazama ndani ya bakuli. Akaligeuza. Akaligonga kitako. Ko! Ko! Hakikudondoka kitu.

"Haya," akasema.

Neno moja tu. Wala hakucheka.

Sikitu akatazama vidole vyake vya miguu. Masikio yalimwaka moto.

Tangu siku hiyo bakuli halikupanda tena kilima. Bibi Tusekile akipita, alimsalimia Baba kwa mbali, kama mtu anayesalimia nguzo. Hata ng'ombe aliacha kuja sebuleni.

Halafu mvua ikaja.

Mvua ya Rungwe haipigi hodi. Ilianza kidogo kidogo, chwa-chwa-chwa. Ikakolea, shaaa! Ikasahau kwao ni wapi, ikalala hapo hapo.

Basi likavuja.

Lilivuja kwa dereva? Hapana. Lilivuja kwa Mama? Hapana. Lilivuja nyuma kabisa, kwenye kile kiti kirefu.

To! Puani.

To! Sikioni.

To! Kitovuni.

"Baba," Sikitu akaita, "kitanda changu kinanyesha."

"Usijali," Baba akasema. Akapanda juu ya basi na ndoo ya udongo. "Babu zetu walijenga kwa udongo!" Akapaka, paka-paka-paka. Akashuka amependeza kama kiboko.

Sikitu akalala.

To! Puani.

To! Sikioni.

To! Kitovuni.

"Baba, bado kinanyesha. Sasa kinanyesha matope."

"Usijali," Baba akasema. Akahamisha godoro la Sikitu upande wa kushoto. Akahamisha mto. Akahamisha na mdoli.

Sikitu akalala.

To! Puani.

To! Sikioni.

To! Kitovuni.

"Baba, mvua imehama na sisi."

"Usijali," Baba akasema. Akachukua mwavuli. Akaufungua. Akaufunga kwa kamba juu ya Sikitu, lakini aliufunga miguu juu, kichwa chini.

"Baba Sikitu, umeugeuza," Mama akasema.

"Makusudi! Hapa tunavuna maji ya mvua. Hata maji hatuombi!"

Sikitu akalala. Akangoja. Puani, hakuna. Sikioni, hakuna. Kitovuni, hakuna. Akatabasamu.

Mwavuli ukajaa. Mwavuli ukanenepa. Mwavuli ukachoka.

Bwaaaaa!

Asubuhi Sikitu alikohoa. Kho! Kho! Kho!

Mama akakamua godoro. Akakamua blanketi. Akakamua mdoli. Halafu akasimama katikati ya basi, mkono kiunoni. Mama akishika kiuno, hata majogoo hunyamaza.

"Baba Sikitu, mtoto halali kisimani. Kitanda hiki kisipokauka, Jumamosi nampeleka Dar kwa Shangazi Mwanaidi. Atakaa huko mpaka nyumba iishe."

Sikitu akachungulia dirishani. Aliitazama nyumba. Nyumba ilikuwa mlango.

"Itaisha lini?" akauliza.

Baba akakohoa. Mama akakohoa. Wala hawakuwa na kikohozi.

Kwa Shangazi Mwanaidi kulikuwa kukavu. Kulikuwa na kitanda chenye miguu. Kulikuwa na televisheni, na taa inayowaka ukibonyeza.

Lakini Mama hakuwa huko. Baba hakuwa huko. Baba alikuwa mbishi, ndiyo. Lakini alikuwa mbishi wake.

Sikitu akaficha uso kwenye mdoli. Mdoli ulikuwa umelowa, kwa hiyo hakuna aliyeona machozi.

"Tuwaombe majirani nyasi," Mama akasema. "Si walisema watakuja?"

Baba akajipiga kifua. Pu!

Mara moja tu. Tena polepole.

"Sisi hatuombi..."

"Mimi sikuulizi kifua chako," Mama akasema. "Nakuuliza wewe."

Baba akatoka kwenda kuufunga mlango wake. Kri! Kri! Mvua ikamnyeshea hapo hapo sebuleni.

Sikitu akakaa kwenye ngazi ya basi. Akawaza.

Bibi Tusekile alisema watakuja. Halafu Bibi Tusekile akaacha kuja. Aliacha lini? Aliacha siku ya bakuli tupu.

Basi lazima apelekewe kitu.

Lakini kitu gani? Mayai? Hakuna, kuna sauti tu. Mchicha? Mchicha wa kununua, una kamba. Umeme? Umelaliwa na wingu.

Sikitu akarudi ndani, akatazama chini ya kitanda chake. Mama alikuwa ameweka sufuria hapo, ikinge matone. Sufuria ilikuwa imejaa mpaka ukingoni.

Tangu wahamie kilimani, hayo ndiyo mavuno yao peke yake.

Sikitu akaibeba sufuria kwa mikono miwili. Akashuka kilima. Chubwi, chubwi, chubwi. Akijikwaa, maji yanamwagika. Yakimwagika, mvua inajaza. Alifika chini, sufuria imejaa vilevile.

"Hodi!"

"Nani?" Sauti ilikuwa nzito. Ilikuwa bado imenuna.

"Mimi. Sikitu wa kwenye basi. Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Bibi Tusekile akafungua mlango nusu. Jicho moja tu lilionekana. "Vipi, basi lenu limeondoka?"

"Basi haliondoki, Bibi. Nitaondoka mimi."

Mlango ukafunguka nusu ya pili.

"Uende wapi?"

"Dar, kwa Shangazi. Kitanda changu kinanyesha. Mama amesema kisipokauka niende. Nyumba ikiisha nitarudi." Sikitu akavuta kamasi. "Lakini nyumba ni mlango."

Bibi Tusekile akabana midomo. Alikuwa anajaribu kuendelea kununa. Kununa ni kazi ngumu, hasa kwa mtu mnene mwenye kicheko karibu.

"Na hiyo sufuria?"

"Nimekuletea." Sikitu akainyanyua juu. "Siku ile bakuli lako lilirudi tupu. Hii ni ya kulipia aibu. Ni mavuno yetu."

Bibi Tusekile akatazama ndani.

"Maji?"

"Ya kitandani kwangu. Tumeyavuna wenyewe."

"Ha!" Bibi Tusekile akasema. Akaziba mdomo. Kicheko kikatokea puani. Akaziba pua. Kikatokea tumboni. Ha! Ha! Haaaa! Kuku walikimbia. Kuku wa kweli, wa mayai.

Bibi Tusekile akayamimina maji yote kwenye birika. Akaliweka birika jikoni, juu ya moto. Akatia majani ya chai. Akatia maziwa. Akatia sukari, tena nyingi.

"Kitu ulicholetewa hukitupi," akasema. "Unakitumia. Kunywa, kondakta."

Wakanywa. Ilikuwa chai nzuri. Ilikuwa na ladha ya bati kidogo.

Halafu Bibi Tusekile akajifunga kitenge vizuri kiunoni. Akatoka nje. Akaweka mikono mdomoni, akaita bonde zima.

"Weeeee! Nani ana nyasi?"

"Mimi!" sauti ikajibu kutoka migombani.

"Nani ana mianzi?"

"Mimi!" sauti ikajibu kutoka ng'ambo ya mto.

"Nani ana kamba?"

"Mimi! Kuna nini?"

"Kuna mtoto analala mtoni, na baba yake ana kifua!"

Bonde zima likacheka. Haaa!

Kesho yake mvua ilipumzika kidogo. Watu wakapanda kilima. Akina mama walibeba nyasi kavu vichwani. Akina baba walibeba mianzi mabegani. Wengine walibeba ndizi. Mtu mmoja hakubeba kitu, alikuja kuangalia tu. Huyo hakosekani.

Baba aliwaona wanakuja. Alikimbia mpaka kwenye mlango wake wa mninga. Akaufungua. Akasimama katikati.

Watu wote wakapita pembeni.

"Jamani! Jamani!" Baba akasema. "Hatukuomba!"

"Kweli, wewe hukuomba," Bibi Tusekile akasema. "Ameomba mwenye kitanda. Wewe sogea, uko njiani."

"Lakini nina mpango! Kwanza kuta, halafu madirisha, halafu..."

"Mpango wako una paa?"

"Paa ni mwishoni."

"Na mvua imekubali kusubiri?"

Baba akatazama mawingu.

"Shika mwanzi," Bibi Tusekile akasema.

Baba akaushika.

"Siyo huko. Upande wa pili."

Wakachimba mashimo pande zote za basi. Chimba-chimba! Wakasimamisha nguzo. Simamisha! Wakafunga mianzi juu, kaza-kaza! Wakatandaza nyasi, tabaka juu ya tabaka, mpaka basi likapata kofia kubwa, nene, yenye manyoya.

"Sasa linafanana na bibi harusi," akasema mtu mmoja.

"Linafanana na bibi wa bibi harusi," akasema mwingine.

Baba alipokezana nyasi na watu. Mwanzoni alikuwa anaeleza namna bora ya kupokezana. Hakuna aliyemsikiliza, maana mikono ilikuwa na kazi. Baadaye akaacha kueleza. Baadaye tena alikuwa anaimba na wenzake, maneno hayajui, anaitikia mwisho tu: "Eee!"

Alitoa simu yake.

"Ndugu zangu wa mjini! Leo tu..."

Akamtazama Sikitu. Sikitu alikuwa anamtazama.

Baba akaurudia mwanzo.

"Ndugu zangu wa mjini, leo majirani wanatuezekea. Mimi nimeshika mwanzi."

"Aliushika upande siyo!" Bibi Tusekile akapiga kelele kutoka juu.

Jua likaenda zake. Kazi ikaisha. Watu waliojenga hawaondoki na njaa, hilo linajulikana. Mama akapika ndizi kwenye sufuria kubwa. Halafu akachukua kisu, akaenda nyuma ya basi.

Kokoikoo! Kokoi... 

Mchuzi ulikuwa mwingi.

Watu wakakaa chini ya paa jipya, kuzunguka basi, sahani mapajani. Wingu likawa jeusi. Upepo ukavuma, vuuu! Mara, shaaaa! Mvua ile ile.

Wote wakatazama juu.

Mama akapanda ndani ya basi. Akaenda mpaka nyuma kabisa. Akapapasa kiti. Akapapasa godoro jipya la majani makavu, aliloshonewa Sikitu na jirani. Akapapasa mto.

Akatoa kichwa dirishani.

"Pakavu," akasema. "Haendi mtu Dar."

"Eeee!" watu wakashangilia. Sikitu aliruka mpaka akapoteza kiatu. Safari hii kilipotea kweli.

Baba alikuwa ameketi karibu na Bibi Tusekile. Alionja mchuzi. Akaonja tena. Akakunja uso. Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Mkono ukapanda taratibu kuelekea kifuani.

Watu wote wakaacha kutafuna.

Mkono ukafika kifuani. Ukajikuna tu. Ukashuka.

"Jirani," Baba akasema, sauti ndogo kama ya mtoto siku ya kwanza ya shule. "Samahani. Naomba... una chumvi?"

"Ninayo," Bibi Tusekile akasema, mdomo umejaa ndizi. "Iko nyumbani, juu ya kabati. Nenda kaichukue. Mimi nakula."

Baba akaenda. Alishuka kilima kwa mbio, mfuko wa nailoni kichwani, na mvua ikamfuata nyuma. Aliporudi aliizungusha chumvi kwa kila mtu, mmoja mmoja.

Mama akampeleka Sikitu kulala. Akamfunika blanketi kavu. Akampa mdoli mkavu.

Sikitu akalala chali. Akangoja.

Puani, kimya.

Sikioni, kimya.

Kitovuni, kimya.

Nje watu walipiga soga. Bibi Tusekile alikuwa anawasimulia siku aliyotaka kushushwa Uyole. Baba alikuwa anasema, "Sikusema hivyo!" Na wote wanasema, "Ulisema!"

Sikitu alitaka kusikiliza mpaka mwisho. Alijaribu sana. Lakini blanketi lilikuwa na joto, na joto halina adabu, linafunga watu macho bila kuwauliza.

Bibi Tusekile akafika penyewe, pale penye utamu. Kicheko kikalipuka. Basi likatikisika kama liko barabarani.

Sikitu hakuamka.

Yeye amelala. Na wewe unangoja nini?